Nani Anayetuchagulia Futari?

(Mada iliyotolewa katika kikao cha vijana na wazazi, mwishoni mwa mwezi wa Shaabani)



 

Ndugu zangu katika imani, wazazi wangu, kina mama, na nyinyi mabarobaro mliokaa kule nyuma karibu na mlango mkidhani sijawaona, nawasalimu nyote. Na wewe ndugu msomaji ambaye hukuwapo siku hiyo, jihesabu umeketi nasi mkekani.

Nimetakiwa nizungumze juu ya chakula katika Ramadhan. Najua wengi mnangojea niseme tende ina faida gani, au asali inatibu nini. Hayo yamekwisha kusemwa, na wenye kuyasema wananishinda kwa elimu. Mimi nina swali moja tu. Ile futari inayowekwa mbele yako Magharibi, nani aliyeichagua? Utaniambia, "Mimi mwenyewe," au utasema, "Mama." Sawa. Lakini hebu tulitazame jambo hili vizuri, manake mimi nilipolitazama niliona kuna watu wengi jikoni kwetu ambao hatukuwaalika.

Nitaanza na nafsi yangu ili nisije nikaonekana nawasema watu. Ramadhan moja nilitumwa ndimu. Ndimu tu, nne. Ilikuwa imebaki kiasi cha nusu saa adhana ilie. Nikateremka hadi pale barabarani wanapopanga meza zao wauzaji wa futari. Ndugu yangu, unajua mwenyewe hali ya pale wakati ule: viazi vya karai vinatolewa kwenye mafuta, bhajia zinalia kwenye karai, mishkaki inafuka moshi, na mzee mmoja ana jagi la juisi ya ukwaju lililojaa barafu, analikoroga polepole kana kwamba analikoroga kwa ajili yako peke yako. Nilirudi nyumbani na viazi vya karai, bhajia, katlesi sita, mkate wa sinia nzima na chupa mbili za soda. Mke wangu akaniuliza, "Ndimu ziko wapi?" Wallahi nilikuwa nimezisahau.

Na nyumbani kulikuwa kumepikwa! Mbaazi za nazi ziko, mahamri yako, uji uko. Vile nilivyonunua mimi, nusu yake vililala, na asubuhi vikawa na harufu, vikatupwa. Huo ndio mwezi wetu wa kujifunza kujizuia.

Sasa nani aliyenunua vile vitu? Mimi nasema alinunua njaa. Mfuko ulikuwa wangu, mkono ulikuwa wangu, lakini mnunuzi alikuwa yeye. Na si mimi peke yangu. Mwaka 1998 wataalamu wawili walichapisha utafiti waliofanya kwa wafanyakazi wa ofisini kule Amsterdam, Uholanzi. Waliwauliza wachague kitafunio watakachopewa wiki inayofuata. Kulikuwa na matunda, na kulikuwa na vitu vya sukari na mafuta. Walioulizwa saa ya njaa walielekea zaidi kwenye vile visivyo na faida mwilini kuliko walioulizwa wakiwa wameshiba. Tazama ajabu hiyo: chakula chenyewe ni cha wiki ijayo, lakini njaa ya leo ndiyo inayochagua. Basi na sisi tunaokwenda sokoni baada ya Alasiri, kila siku, kwa siku 29 au 30, tujiulize.

Kuna kisa kingine ambacho kila nikikikumbuka huwaza. Mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili, kuanzia Novemba 1944, mtaalamu mmoja aitwaye Ancel Keys aliwakusanya vijana 36 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Walikuwa watu waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya imani zao, wakakubali kwa hiari yao kupunguziwa chakula kwa miezi sita, ili ijulikane namna ya kuwasaidia watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa. Walikonda mpaka wakapoteza kama robo ya uzito wao. Lakini la kushangaza zaidi lilikuwa katika akili zao. Walianza kuota chakula usiku. Mazungumzo yao yakawa ni chakula. Baadhi wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama riwaya, watu ambao zamani hata kuchemsha yai si kazi yao. Walilamba sahani. Na waliporuhusiwa kula tena, wapo waliokula mpaka tumbo likajaa pomoni na bado wakasema hawajashiba.

Simaanishi kwamba saumu yetu ni kama hiyo, hasha. Sisi tunafunga kutoka alfajiri hadi kuchwa kwa jua, na tunafunga kwa ibada. Lakini nakutajia ili ujue kwamba ile hali yako ya saa kumi na moja jioni, unapoanza kuhesabu sambusa kichwani na kuona macho yako yanafuata kila sufuria, si upungufu wa imani yako. Ni mwili unafanya kazi aliyoumbiwa. Mwili umeambiwa hakuna chakula, basi unatafuta chakula, na unataka kile kitamu na kinono kwanza. Ukilijua hilo utajua pia kwamba saa ile si saa ya kwenda sokoni wala ya kupanga futari ya kesho. Mambo hayo yapangwe baada ya daku, au usiku ukitoka Tarawehe, tumbo likiwa limetulia. Andika karatasi. Ukiandika ndimu nne, nunua ndimu nne.

Tuiache njaa. Kuna aliyeingia jikoni kabla yake, naye ni mazoea.

Kila mmoja wetu anaamini kwamba anachokipenda yeye ni kitamu chenyewe, na anachokichukia ni kibaya chenyewe. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa nyumbani kwa Bi Maymuna (R.A.), akaletewa nyama ya dhabb iliyochomwa. Dhabb ni mnyama wa jangwani, wa jamii ya mijusi mikubwa. Alipoambiwa ni nyama gani aliurudisha mkono wake. Khalid bin Walid (R.A.) akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kwamba si haramu, ila mnyama huyu hapatikani katika nchi ya watu wake Mtume, kwa hivyo nafsi yake haimtaki. Khalid akaivuta kwake akala, na Mtume anamtazama.

Mimi hadithi hii naiona ina adabu ya ajabu. Watu wawili, dini moja, sahani moja. Mmoja anakula na mwengine hali, na hakuna aliyemkemea mwenziwe. Na sababu aliyoitoa Mtume ni ya malezi: hakukilea, basi nafsi haikizoea. Hakusema ni kibaya. Na imepokewa na Abu Hurayra (R.A.) kwamba hakupata hata siku moja kukitia chakula aibu, akikitaka alikila, asipokitaka alikiacha. Linganisha na sisi. Mtoto anarudi madrasa, anafunua sufuria: "Ah! Mchicha tena!" Na baba mzima naye anafunua sufuria ile ile na kusema maneno yale yale, kwa sauti nene zaidi.

Hata hivyo vyakula tunavyoviita vya kwetu, vya asili, havikuanza kwetu. Muhogo wa nazi, ambao bila yake wengine wetu hawaoni kwamba wamefuturu, muhogo wake ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno. Mahindi vilevile yametoka huko Amerika. Sambusa, bhajia na chapati zimetujia kutoka upande wa Bara Hindi. Babu zetu walivionja mara ya kwanza kama wageni. Ulimi hufundishwa, ndugu zangu. Na kama ulifundishwa, unaweza kufundishwa tena.

Nani anaufundisha? Nitawasimulia hadithi moja tena, na hii ndiyo niipendayo kuliko zote katika mlango huu. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa kijana mdogo akimhudumia Mtume (S.A.W.). Siku moja fundi cherahani mmoja alimwalika Mtume, na Anas akafuatana naye. Wakaandaliwa mkate wa shayiri na mchuzi uliotiwa mumunye na nyama kavu. Anas akamwona Mtume anautafuta mumunye katika pande za sahani. Basi Anas anasema kwamba tangu siku ile yeye hakuacha kuupenda mumunye.

Umeona? Hakuna aliyemwambia Anas kwamba mumunye una faida. Hakutishwa kwamba asipokula hatapewa halua. Alimwona mtu ampendaye anakula kwa hamu, basi.

Mwaka 1980 mtaalamu wa Kimarekani, Leann Birch, alichapisha jambo linaloelekeana na hilo. Aliwaketisha watoto wadogo wa chekechea meza moja: mtoto asiyependa mboga fulani pamoja na wenzake wanaoipenda. Baada ya siku chache tu za kula pamoja, yule asiyeipenda akaanza kuichagua mwenyewe. Na uchunguzi mwengine wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti wakiwa waja wazito au wakinyonyesha, waliupokea vizuri zaidi uji wenye ladha ya karoti walipoanza kulishwa. Kwa hivyo mtoto wako anaanza kujifunza sahani yako kabla hajaiona dunia.

Vijana, nanyi mna sehemu yenu hapa. Mdogo wako hamtazami baba peke yake, anakutazama wewe. Ukisukuma bakuli la uji wa mtama ukaenda kutafuta chipsi, naye kesho atausukuma. Utakuwa umemnyima kitu ambacho hakupata hata kukijua.

Basi njaa ni mmoja, mazoea ni wa pili. Lakini anayetuumiza zaidi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, ni jicho la watu.

Tuseme ukweli. Mgeni akija kwako saa ya kufuturu ukamwekea maji, tende, uji na mbaazi, utajihisi vipi? Utaona haya. Utamtuma mtoto mbio dukani, "Lete soda!" Soda imekuwa ndiyo heshima. Chupa ndogo ya mililita 300 ina karibu gramu 30 za sukari, yaani vijiko saba vya chai hivi. Ukimtilia mgeni vijiko saba vya sukari katika kikombe chake cha chai mbele ya macho yake, atadhani una ugomvi naye. Lakini katika chupa, hiyo ni heshima. Na maji, ambayo Mtume (S.A.W.) alifuturu kwayo alipokosa tende, tumeyafanya ni kitu cha kuombea radhi: "Samahani, leo kuna maji tu."

Vivyo hivyo tumegawa vyakula kwa vyeo. Muhogo wa kuchemsha, mnavu, mchunga, mtama, kunde, hivyo ni "vya maskini". Mkate mweupe, kuku wa kukaanga, biriani, hivyo ni vya watu. Mtu aliyetoka kijijini akiingia mjini jambo la kwanza analoficha ni kile alicholelewa nacho. Na siku hizi jirani si yule wa ukuta mmoja pekee. Futari inapigwa picha kabla ya dua, inatumwa kwa simu, na mwanamke aliyekaa chumba kimoja na watoto watatu anaiona na kusema moyoni: sisi hatuna Ramadhan. Halafu anakwenda dukani kuandikisha deni. Nawajua watu ambao deni la Ramadhan wanalilipa mpaka Mfungo Tatu. Mwezi uliokuja kuwapunguzia mzigo umewaongezea.

Na nani anayelipa kwa jasho? Kina mama. Vyakula saba mezani maana yake ni kwamba kuna mtu ameanza kukaanga tangu Adhuhuri, adhana imemkuta na mwiko mkononi, akameza tende akiwa amesimama, kisha vyombo, kisha daku. Tarawehe anaisikia kwa kipaza sauti. Mimi sijapata kumsikia mama akisema amechagua hivyo. Anasema, "Watu watanionaje?"

Nina kisa kimoja na ningependa kukipita, lakini nikikipita mada yangu itakuwa ya uongo.

Nilikuwa na ami yangu, ndugu mdogo wa babangu, Allah amrehemu. Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi. Daktari alimkataza kufunga, naye alijua kwamba Qur'ani imemruhusu mgonjwa. Lakini aliona haya kubaki nyumbani peke yake wakati wa futari, kwa hivyo kila jioni alikuwa akija kwetu kuketi na watu. Na kila jioni mmoja wetu alimsogezea sahani ya kaimati. Zilikuwa kaimati za mamangu, zimerowa shira mpaka zinang'aa. Ami alikuwa akisema, "Mimi nimekatazwa, jamani." Nasi tunasema, "Ah, Ami, moja tu! Moja haitakuua. Au umekasirika nasi?" Basi anachukua moja. Akimaliza, mwengine anasema, "Na yangu mimi hutaipokea?" Anachukua ya pili, anacheka. Alikuwa mtu wa watu, asiyeweza kumvunja mtu moyo.

Aliyekuwa akiibeba sahani ile mara nyingi nilikuwa ni mimi. Nilikuwa barobaro wa miaka kumi na saba na niliona ninamfanyia ami yangu wema.

Alipata kidonda kidoleni mwa mguu, kidonda kidogo tu cha ndara. Hakikupona. Kilikatwa kidole, kisha mguu ukakatwa chini ya goti. Ramadhan iliyofuata tulimbeba kumleta barazani, na nakumbuka jioni ya kwanza sahani ya kaimati ilipofika mbele yake, mikono yetu yote ilisimama. Hakuna aliyejua la kusema. Yeye mwenyewe akaisukuma polepole na kusema, "Leo mtaniruhusu?"

Sisemi kaimati zangu ndizo zilizomkata mguu. Ajali ya mja iko kwa Mola wake, na ugonjwa ule una sababu nyingi. Lakini lile neno "mtaniruhusu" sijapata kulisahau. Mtu mzima, mwenye akili zake, anayejua ugonjwa wake, alikuwa akihitaji ruhusa yetu ili asile. Na kwa miaka yote ile hatukumpa.

Angalieni kina Ami walioko mitaani kwetu leo. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na presha ya kupanda, na watu wazima zaidi ya tisa kati ya kila kumi hawakuwa wakila matunda na mboga za kutosha. Katika baraza ya watu kumi na wawili wanaofuturu pamoja, si ajabu watatu wana presha, na pengine mmoja wao hajijui. Nasi tunawahimiza kwa mapenzi: "Ongeza! Mbona huli? Chakula hakikupendezi?"

Ukarimu ni katika dini yetu. Abu Dharr (R.A.) aliusiwa na Mtume (S.A.W.) kwamba akipika mchuzi aongeze maji awaangalie majirani zake. Lakini angalia vizuri wasia ule. Aliambiwa aongeze maji. Hakuambiwa aongeze nyama, wala aongeze aina ya pili ya kitoweo, wala akope. Mchuzi mwepesi ukafika kwa wengi. Leo nani kati yetu anaweza kumpelekea jirani mchuzi mwepesi? Tutaona bora tusipeleke. Ile desturi yetu nzuri ya sahani kutoka nyumba hadi nyumba jioni, na sahani isirudi tupu, inakufa pole pole kwa sababu kila mtu anangoja apate cha kujivunia.

La mwisho katika haya ni wingi wa aina. Mwaka 1981 mtaalamu Barbara Rolls na wenzake walichapisha majaribio ambayo watu walipewa mikate iliyotiwa vitu ndani. Waliopewa mikate yenye vitu vya aina nne walikula karibu theluthi moja zaidi ya waliopewa aina moja. Sababu ni kwamba ulimi huchoka na ladha moja, lakini ukibadilisha ladha unaamka upya. Ndiyo maana umeshiba wali huwezi kuongeza kijiko, lakini ikija faluda unapata nafasi. Nafasi haikuwapo, umebadilisha ladha tu. Na wataalamu wengine wamegundua kwamba watu wakila pamoja hula zaidi kuliko mtu akila peke yake, na kadiri walaji wanavyozidi ndivyo mlo unavyozidi. Sasa chukua futari yetu: njaa ya mchana kutwa, aina saba, na watu kumi na wawili wamezunguka sinia. Ukipanga makusudi kumlisha mtu kupita kiasi, sijui ungeongeza nini.

Siwaambii mle peke yenu, maana kula pamoja kuna baraka, na chakula cha wawili tumeambiwa kinawatosha watatu. Lakini Sunna imetuwekea breki zake, ila sisi tumeziondoa. Mtoto Umar bin Abi Salama (R.A.), ambaye mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima, alifundishwa na Mtume apige bismillahi, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Ukila kilicho mbele yako unaona umekula kiasi gani. Tumefundishwa tufuturu kwa tende au maji kabla ya kuswali Magharibi. Hebu jaribu: tende tatu, maji, simama, enda ukaswali, kisha urudi. Utakuta njaa yenyewe imepungua, kwa sababu tumbo halitoi habari papo hapo, linahitaji dakika zake. Wengi wetu tunamaliza sinia kwanza, kisha tunakwenda kuswali huku tunashindwa kurukuu. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi tumepewa kipimo: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Suratul Aaraf, aya ya 31, imeruhusu kula na kunywa na papo hapo ikakataza israfu.

Mtaniuliza, je, na wewe kwako unafanyaje? Haki yenu kuuliza.

Tulikaa mimi na mke wangu na watoto usiku mmoja katika Shaabani, tumeshiba, tukaandika. Tulikubaliana kitu kimoja cha kukaanga kwa siku, kisizidi. Leo sambusa, kesho viazi vya karai, si vyote pamoja. Chakula kikuu kimoja. Tunda moja la msimu. Jagi la maji linawekwa katikati ya mkeka kwanza kabla ya kitu chochote, tena jagi zuri, lile la kioo ambalo mke wangu alikuwa amelifungia kabatini kwa ajili ya wageni. Sokoni ninakwenda asubuhi. Na tumekubaliana kwamba hakuna mtu atakayehimizwa kula. Sahani inasogezwa mara moja, kwa bashasha; mtu akisema hapana, imekwisha, tunazungumza mengine.

Mke wangu alikuwa na wasiwasi juu ya siku ya kwanza, kwa sababu tulikuwa tumemwalika mke wa ami, mjane wake. Tulikuwa na muhogo wa nazi, samaki wa kupaka, na mapapai. Tukala. Alipomaliza, kijana wangu mdogo, ambaye makubaliano yetu alikuwa ameyasahau kwa furaha ya mgeni, akachukua sahani ya papai akamsogezea: "Nyanya, ongeza!" Kisha akakumbuka, akanitazama. Bibi yule akacheka, akachukua kipande kimoja, akajimiminia maji kwenye gilasi kutoka lile jagi, akauliza limenunuliwa wapi.